Jani Huota Kutoka Chini: Utangulizi wa Elimu ya Kitunguu Jani katika Bustani za Mara

Mtoto aliyekulia Tarime au Serengeti hujifunza mapema jambo ambalo mwanafunzi wa mjini hulikuta darasani akiwa mtu mzima. Anajua kwamba ng'ombe wakipita malishoni wakazila nyasi hadi zikabaki fupi, kisha mvua ikanyesha siku mbili tatu, nyasi hunyanyuka tena bila mtu kupanda mbegu. Anajua pia upande wa pili wa jambo hilo: pale ng'ombe wanaposimama kila siku, karibu na lango la boma, hakuna jani linalorudi. Kati ya nyasi zinazorudi na ardhi iliyobaki kipara pana kipimo, na mchungaji mzuri anakijua kipimo hicho kwa macho bila kuandikiwa.

Kitabu hiki kinahusu mmea mdogo unaopandwa nyuma ya jiko, hatua chache kutoka mlangoni. Nimeanza na nyasi kwa sababu naamini kwamba anayezifahamu nyasi ameshafika nusu ya safari. Kitunguu jani huota kutoka chini kama nyasi. Jani lake halirefuki kwa ncha. Husukumwa juu kutoka kwenye kitako, pale lilipoungana na kitunguu chembamba kilichojificha udongoni. Ukikata sehemu ya juu hujagusa uhai wake. Ukiking'oa, umekimaliza. Karibu kila shauri utakalolikuta katika kurasa zinazofuata, kuanzia la kisu hadi la samadi, linatokana na ukweli huo mmoja. Karibu, ndugu msomaji, hata kama hujawahi kukaa darasa la kilimo. Huingii ugenini.

Jina na ukoo

Kinachomsumbua kwanza mgeni wa elimu hii ni jina. Sokoni ukiomba vitunguu majani utapewa fungu la majani ya kijani yenye mizizi myeupe. Mara nyingi hayo ni majani ya kitunguu maji kilichong'olewa kikiwa kichanga, au ya jamaa yake ambaye wanabotania wanamwita Allium fistulosum. Ni mazuri jikoni, lakini yamekuja na mizizi yake, na shambani yalikotoka pamebaki shimo.

Mmea ninaouita kitunguu jani ni Allium schoenoprasum. Majani yake ni membamba, yana tundu ndani kama mrija, na husimama mengi pamoja kwa kichaka. Ana ndugu wa karibu kutoka Asia ya mashariki, Allium tuberosum, mwenye majani bapa na harufu inayokaribia ile ya kitunguu saumu. Huhitaji darubini kuwatofautisha. Kata jani ulitazame mahali lilipokatwa: likiwa na tundu ni wa kwanza, likiwa bapa ni wa pili. Wakichanua, wa kwanza hutoa ua la rangi ya zambarau iliyopauka na wa pili ua jeupe.

Carl Linnaeus, msomi wa Sweden aliyeweka msingi wa majina ya mimea tunayoyatumia leo, aliuandika mmea huu katika Species Plantarum mwaka 1753. Jina lake la pili limetoka Kigiriki, na maana yake ni liki inayofanana na ndago. Kitunguu maji, kitunguu saumu na liki wote ni wa ukoo huo wa Allium, wenye mamia ya spishi. Kati ya zote, kitunguu jani ndicho pekee kinachoota chenyewe porini katika Ulaya na Asia na pia katika Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kukipanda, kilikuwa kimeshazoea udongo wa aina nyingi.

Kazi ya kuoanisha majina ya wenyeji na ya wanabotania ina historia hapa kwetu. P. J. Greenway, mbotania wa kituo cha utafiti cha Amani katika Milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Mwanafunzi wa Mara ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu, kwa kuwa ua mmoja hapa unaweza kuwa na lugha tatu. Mboga ambayo Mswahili anaiita mgagani, Mjaluo anaiita dek, na ng'ambo ya mpaka wa Kenya Mkisii anaiita chinsaga. Unapoandika kuhusu bustani ya mtu, andika kwanza jina analolitumia yeye. Jina la Kilatini litafuata, halina haraka.

Waliotutangulia

Elimu ya bustani za nyumbani ilichelewa kuheshimiwa. Kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo waliangalia mazao yanayopimwa kwa tani: kahawa, pamba, mahindi. Kipande cha ardhi kati ya jiko na zizi kilionekana kidogo mno kwa utafiti. Mabadiliko makubwa kwa upande wetu yalikuja mwaka 1984, pale E. C. M. Fernandes, A. O'Kting'ati na J. Maghembe walipochapisha uchunguzi wao wa vihamba, yaani bustani za nyumbani za Wachagga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Walionyesha kwamba kihamba, ambacho mgeni hukiona kama msitu uliovurugika, kimepangwa kwa ngazi: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na mboga na magimbi karibu na ardhi. Baadaye Andreas Hemp alihesabu katika vihamba hivyo aina zaidi ya 500 za mimea, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe na kuachwa kwa sababu.

Wengine walifuata mboga zenyewe. Patrick Maundu na wenzake walikusanya mimea ya vyakula vya asili ya Kenya katika kitabu kilichotoka mwaka 1999, na Christopher Ruffo na wenzake walifanya kazi kama hiyo kwa mimea pori inayoliwa Tanzania mwaka 2002. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya ametumia maisha yake ya kitaaluma kuthibitisha kwa vipimo vya maabara kwamba mnavu, mgagani na mchicha vinastahili heshima ile ile inayopewa kabichi. Arusha nako, Kituo cha Kimataifa cha Mboga kilifungua tawi lake la Afrika mwaka 1992, na huko mbegu za mboga za bara hili zinahifadhiwa na kuboreshwa.

Nimewataja hawa ili ujue kwamba anayeinama kwenye tuta la mita moja kwa mbili ana wenzake. Kitunguu jani ni mgeni kati ya mboga walizozichunguza, hakikuzaliwa Afrika. Lakini bustani ya nyumbani ndipo wageni wa aina hiyo hupokelewa. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, na leo hakuna anayeviuliza pasipoti.

Udongo, mvua na saa za mchana

Wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana, na Mto Mara hupita kati yao ukitoka Kenya kwenda Ziwa Victoria. Mkulima akivuka mto huo hukuta masharti mengine kabisa. Nyanda za juu za Tarime, penye migomba na kahawa aina ya arabika, zina ubaridi, mvua ya kutosha na udongo mwekundu unaopitisha maji. Kitunguu jani hupenda hali hizo tatu. Upande wa Serengeti, kuzunguka Mugumu na kuendelea kusini, utakutana katika mabonde na udongo mweusi wa mfinyanzi. Masika hunata kwenye jembe, na kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza vidole. Mizizi ya kitunguu jani ni myembamba na mifupi. Kwenye udongo huo itaoza wakati wa mvua na kukatika wakati wa jua. Anayeishi huko ainue tuta kwa sentimita 20 hivi na kuchanganya udongo na samadi iliyooza vizuri na mchanga. Au atumie beseni bovu, ndoo iliyotoboka au kiroba, alimradi maji yapate pa kutokea.

Mvua huja kwa misimu miwili, vuli na masika, na kati yake kuna kiangazi. Katika mfumo mzima wa Serengeti mvua huongezeka kadiri unavyoelekea kaskazini-magharibi. Ndiyo sababu nyumbu huvuka Mara kati ya Julai na Oktoba wakifuata majani mabichi. Kitunguu jani hakiwezi kuhama. Kikiwa Ulaya, hulala wakati wa baridi kali na kuamka majira yakibadilika. Kwetu baridi hiyo haipo, kwa hiyo kinachoweza kukilaza ni ukame. Maji yaliyooshea mchele au mboga, yakimwagwa kwenye kichaka jioni, yanatosha kukivusha kiangazi. Maji yenye sabuni nyingi yaende kwingine.

Jambo la tatu hulioni kwa jembe: urefu wa mchana. Tarime ipo chini kidogo ya mstari wa Ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haizidi dakika 10 hivi. Kitunguu maji huamua kutunga tunguu kwa kuhesabu saa za mwanga. Aina zilizozoea mchana mrefu wa Ulaya ya kaskazini husubiri saa 14 au zaidi. Zikipandwa hapa zitatoa majani tu, na mkulima atadhani ameuziwa mbegu mbovu. Kitunguu jani hakimwekei mtu sharti hilo, maana hatungoji tunguu. Lakini kuchanua kwake kunahitaji kipindi cha ubaridi, na kwenye joto huchanua kwa nadra. Usisikitike ukikosa ua. Nguvu ambayo ingekwenda kwenye ua na mbegu inabaki kwenye majani.

Kisu na kipimo

Sasa turudi kwenye nyasi. Mwaka 1976 Samuel McNaughton, mwanaikolojia wa Marekani, alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kupima nyasi za Serengeti. Alikuwa amezungushia uzio vipande vya ardhi ili nyumbu wasile humo, kisha akalinganisha ndani na nje baada ya makundi kupita. Nje ya uzio, nyasi zilizoliwa ziliota upya zikiwa fupi, nyingi na za kijani. Ndani, zile zilizolindwa ziliendelea kuzeeka. Swala tomi waliofika baadaye walikwenda kula pale nyumbu walipokuwa wamekula. Mlaji alikuwa ameandaa meza kwa mwenzake.

Kisu chako kina kazi hiyo hiyo. Kichaka kisichokatwa hujaa majani ya manjano na ncha zilizokauka, na majani machanga hukosa mwanga katikati. Kata kwa kisu kikali au mkasi, ukiacha sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo, kwa kuwa sehemu inayokua iko chini ya hapo. Subiri majani yafikie urefu wa sentimita 15 kabla ya kukata mara ya kwanza. Kata upande mmoja wa kichaka leo na upande mwingine baada ya wiki mbili au tatu, ili majani yaliyobaki yalishe mizizi wakati yaliyokatwa yakirudi. Kila mkato unatumia akiba ya chakula iliyo chini. Ukikata kila siku chini kabisa, vitunguu vile vidogo vitakonda na kufa, na utakuwa umetengeneza lango la boma jikoni kwako.

Njia za kukianzisha ni mbili. Mbegu hupandwa kitaluni kwa kina cha sentimita moja na huota kati ya wiki moja na tatu. Ziwe mpya, kwa maana mbegu za ukoo huu hupoteza uhai haraka na hazifai sana baada ya mwaka mmoja au miwili. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya majirani, ni kugawa. Chimbua kichaka kikubwa mwanzoni mwa mvua, kitenganishe kwa mikono, punguza majani, kisha panda vitunguu vitatu hadi vitano kila shimo, ukiacha sentimita 20 hadi 25 kati ya mashimo. Fanya hivyo kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata kama huna wa kumgawia. Kichaka kilichobanana hujinyima chenyewe.

Maadui wake ni wachache. Thripsi hufyonza majani wakati wa jua kali na kuyaachia michirizi myeupe. Maji ya kunyunyiza na matandazo huwapunguza. Wakati wa mvua nyingi ubwiri unyoya hushika majani yaliyobanana. Dawa ya kwanza ni kukata na kuondoa yaliyougua, kisha kuacha hewa ipite. Sota hukata miche usiku, na kuku huifukua mchana. Uzio wa matete au wavu kuukuu ni kinga ya kutosha kwa hao kuku.

Harufu, na tahadhari kwa mfugaji

Jani zima la kitunguu halinuki sana. Harufu huzaliwa jani linapokatwa. Ndani ya chembe za jani, kimeng'enya kimoja na viini vyenye salfa vimewekwa katika vyumba tofauti. Kisu kinapobomoa kuta, vitu hivyo hukutana, na papo hapo hutengeneza gesi kali. Mwaka 2002 wanasayansi wa Japani walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamegundua kimeng'enya kingine katika kitunguu maji, ambacho kazi yake ni kutengeneza ile gesi inayotoa machozi. Kitunguu jani kina ukali mdogo, na harufu yake huruka upesi kwenye moto. Ndiyo maana mpishi hukikatia juu ya chakula sufuria ikishaepuliwa: juu ya mchuzi wa sato, juu ya dagaa, au juu ya mgagani uliopikwa kwa maziwa.

Katika nchi ya wafugaji sina budi kuongeza neno. Salfa hiyo hiyo, ambayo mwili wa binadamu unaivumilia, huharibu chembe nyekundu za damu za ng'ombe, mbwa na paka. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi kuliko ng'ombe. Mabaki machache hayataangusha fahali, lakini mtu asimwage ndoo za maganda na majani ya vitunguu mbele ya ndama akidhani amepata malisho. Ng'ombe na kitunguu jani wana uhusiano mzuri wa njia moja: samadi itoke zizini kwenda bustanini. Hakikisha imekaa miezi kadhaa na kupoa, maana samadi mbichi huunguza mizizi na si safi kwa mboga inayoliwa bila kupikwa.

Namna ya kuuliza

Bustani nyingi za Mara zimo mikononi mwa wanawake, na maarifa yake hayajaandikwa kwa sababu mwenye maarifa ana mtoto mgongoni na moto wa kuangalia. Mtafiti anayefika na karatasi ya maswali saa nne asubuhi ataambiwa kwa adabu kwamba hakuna jambo la maana pale. Afike jioni, wakati wa kumwagilia, naye abebe ndoo. Amwamkie mama mwenye nyumba kwa shikamoo, asubiri kuulizwa habari za kwao, na aache mazungumzo yaje yenyewe.

Swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni hili: kichaka hiki kilitoka kwa nani? Kitunguu jani kinachogawanywa hakibadiliki. Kipande cha binti ni mmea ule ule wa mama. Kwa hiyo ukifuata vichaka unafuata mahusiano ya watu. Kimoja kilikuja na bibi harusi kutoka kwao, kingine kilitolewa na jirani baada ya ugonjwa, kingine kilipitia kwa mpishi wa hoteli ya kitalii aliyekirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa likizo. Mtu akichora mistari hiyo kwenye ramani ya kijiji, ataona ujirani ambao hauonekani katika daftari la kaya.

Swali la pili ni la kipimo: anajuaje wakati wa kukata na kiasi cha kuacha? Jibu likiwa ni kiganja au vidole vinne, liandike hivyo, kisha pima vidole hivyo kwa rula. Elimu yetu hukua pale vipimo hivyo viwili vinapowekwa ubavuni mwa ukurasa mmoja.

Jaribio la kwanza

Kabla ya kufungua sura ya kwanza nakuomba ufanye jaribio moja. Halihitaji fedha. Chukua kalamu yenye wino usiofutika na uchague jani moja changa la kitunguu jani. Kuanzia usawa wa udongo, chora nukta tano, kila moja ikiwa sentimita moja juu ya nyingine. Ondoka. Baada ya siku nne au tano, rudi na rula.

Utakuta nukta zako bado zimeachana sentimita moja moja, kama ulivyoziacha. Lakini ile ya chini kabisa haipo tena karibu na udongo. Imepandishwa, na chini yake pana jani jipya safi lisilo na alama. Umeshuhudia kwa macho yako mahali mmea unapokulia. Kisha mwite mtoto anayerudi na ng'ombe umwonyeshe. Huenda asishangae. Muulize nyasi zake huanzia wapi, na ukaandike jibu lake: hilo litakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari lako.